Kipepeo wa karatasi: jinsi ya kumkunja hatua kwa hatua, na alikotoka

Katika kipindi chetu cha watoto cha Jumamosi asubuhi tulijaribu jambo ambalo redio hailiwezi kwa urahisi: kufundisha kazi ya mikono bila msikilizaji kuiona mikono yenyewe. Tulieleza namna ya kukunja kipepeo kutokana na karatasi ya mraba. Hatukufika nusu ya maelezo, simu zikaanza kuingia.

Simu tunayoikumbuka zaidi ni ya bibi mmoja anayelea wajukuu wawili. Walikuwa wamekaa mkekani, redio katikati, kila mtoto na karatasi yake iliyochanwa kwenye daftari la mwaka jana. Walitufuata vizuri mpaka tuliposema wakunje tena upande wa juu. Upande wa juu upi? Ule ulio mbali na mtu anayekunja, au ule unaotazama dari? Wakati wao wanajiuliza, sisi tulikwisha kufika hatua ya sita. Mtoto mdogo akaanza kulia, na daftari lilibaki na karatasi mbili tu. Bibi hakutukaripia. Alituomba turudie, lakini muda wa kipindi ulikuwa umekwisha.

Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa na karatasi mikononi studio, tukaongea kana kwamba msikilizaji naye anaiona. Makala hii ni kurudia tulikoombwa. Tumeiandika ili mtu mmoja aisome kwa sauti kwenye simu na mwingine akunje. Haina picha wala video, kwa hiyo haili bando, na ukikwama unarudi mstari wa juu, jambo ambalo redio haikuruhusu.

Neno origami na safari ya karatasi

Kazi hii inajulikana duniani kote kwa jina la Kijapani, origami. Ni maneno mawili yaliyoungana: ori, yaani kukunja, na kami, yaani karatasi. Ustadi wa kutengeneza karatasi ulianzia China, ukapitia Korea na kufika Japani katika karne ya 7. Kwa muda mrefu karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo ilikunjwa kwa mambo ya heshima: ibada, zawadi na sherehe.

Kipepeo ana nafasi yake maalumu katika historia hiyo. Kwenye harusi za jadi za Kijapani, bwana harusi na bibi harusi hunywa pamoja kinywaji cha mchele kiitwacho sake. Vyombo vya kinywaji hicho vilifungwa vipepeo wawili wa karatasi, mmoja dume na mwingine jike, kuwakilisha wanandoa. Mwaka 1680 mshairi Ihara Saikaku aliandika shairi fupi lililotaja vipepeo wa karatasi, na hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya zamani zaidi yanayozungumzia umbo la karatasi iliyokunjwa.

Hata hivyo, namna ya kukunja haikuandikwa sana. Mama alimwonyesha mtoto, mtoto naye akamwonyesha mwenzake. Mwaka 1797 kilichapwa Kyoto kitabu cha kukunja korongo wa karatasi, Hiden Senbazuru Orikata, lakini michoro yake inaonyesha zaidi umbo lililokamilika kuliko njia ya kulifikia. Aliyekosa mtu wa kumwonyesha alibaki akikisia, kama wale wajukuu mkekani.

Kijana wa kiwandani aliyeipa karatasi alama zake

Aliyefungua kifungo hicho alikuwa Akira Yoshizawa. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1911 katika mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo, kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Akiwa na miaka 13 alikwenda Tokyo kufanya kazi kiwandani. Baadaye akapandishwa kuwa mchoraji wa michoro ya ufundi, na akapewa kazi ya kuwafundisha wafanyakazi wapya jiometri. Aliona kwamba mtu haelewi pembe kwa kuambiwa, akaanza kuwafundisha kwa kukunja karatasi.

Mwaka 1937 aliacha kiwanda ili ajishughulishe na karatasi peke yake. Ilikuwa njia ya dhiki. Kwa miaka mingi alijikimu kwa kutembeza vitoweo nyumba hadi nyumba. Jina lake lilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1950, gazeti la picha la Japani lilipochapisha wanyama wa karatasi aliowakunja. Mwaka 1954 alitoa kitabu kilichotumia alama alizozibuni: mstari wa vipande vipande kwa mkunjo mmoja, mstari wa vipande na nukta kwa mkunjo mwingine, na mishale kuonyesha karatasi inaelekea wapi. Baadaye waandishi Samuel Randlett wa Marekani na Robert Harbin wa Uingereza walizitumia alama hizo katika vitabu vyao, na tangu hapo zikaenea. Leo mtu asiyejua neno hata moja la Kijapani anaweza kufuata mchoro wa Kijapani na kupata umbo lilelile.

Yoshizawa alibuni maelfu ya maumbo, wakiwemo vipepeo wa namna nyingi. Alifariki tarehe 14 Machi 2005, siku aliyotimiza miaka 94.

Sisi wa redio hatuna mistari wala mishale. Tuna maneno tu, kwa hiyo kwanza tukubaliane maana zake.

Maneno tutakayotumia

Karatasi iwe mezani, kwenye ubao au juu ya daftari gumu, na mkunjaji akae mbele yake.

Ukingo wa karibu ni ule ulio upande wa tumbo lako. Ukingo wa mbali ni ule unaoelekea mbele yako. Hatutasema juu wala chini kwa maana hiyo tena.

Uso wa karatasi ni upande unaotazama dari. Mgongo ni upande uliolala mezani.

Mkunjo ni alama inayobaki baada ya kukunja. Mkunjo uliozama kama mfereji wa maji tunauita bonde. Uliosimama kama paa la nyumba tunauita mlima. Bonde ukiligeuza karatasi linakuwa mlima, na mlima unakuwa bonde. Ukilishika hilo moja, nusu ya kazi umeimaliza.

Kupata mraba bila rula

Karatasi ya daftari, karatasi ya kuchapia na karatasi ya kufungia zawadi zote zinafaa. Gazeti linakunjika lakini ni laini, mabawa yake hulegea. Manila ni nene mno. Hatua ya sita itakushinda.

Laza karatasi yako ya mstatili, ukingo mfupi uwe wa karibu. Chukua kona ya karibu ya kushoto, ipeleke upande wa kulia mpaka ukingo mfupi ulale sawasawa juu ya ukingo mrefu wa kulia. Utapata pembetatu, na juu yake kipande cha ziada. Kunja kipande hicho kwenye mstari ambapo pembetatu inaishia, pitisha kucha, kunja mbele na nyuma mara tatu nne, kisha chana polepole. Fungua pembetatu: una mraba, tena mkunjo mmoja wa kona kwa kona umeshaupata.

Karatasi ya A4 yenye upana wa sentimita 21 inatoa mraba wa sentimita 21 kwa 21. Usitupe kipande kilichobaki. Kina upana wa karibu sentimita 8.7, na kinatoa vipepeo wawili wadogo. Kwa anayejifunza, mraba mkubwa ni bora.

Hatua nane za kukunja

Hatua ya 1. Laza mraba, upande mzuri au wenye rangi ukitazama meza. Upande wa kawaida ndio uwe uso. Kama umekwisha kukunja kona kwa kona wakati wa kupata mraba, chagua ule upande ambao mkunjo umekuwa bonde uwe uso.

Hatua ya 2. Kunja kona ya karibu ya kushoto mpaka kona ya mbali ya kulia. Pitisha kucha, fungua. Kunja kona ya karibu ya kulia mpaka kona ya mbali ya kushoto. Pitisha kucha, fungua. Hakiki: unaona alama ya X, na mistari yake yote ni mabonde.

Hatua ya 3. Geuza karatasi, upande mzuri sasa utazame dari. Chukua ukingo wa karibu, ulaze juu ya ukingo wa mbali. Pitisha kucha, fungua. Hakiki: X imekuwa milima, na katikati yake umepita mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, ambao ni bonde.

Sasa bonyeza kitovu cha karatasi, pale mistari yote inapokutana. Kinatakiwa kiinuke kama kilele cha paa. Kama kimezama kama bakuli, weka kidole kwa chini, kisukume kidogo. Kitaruka juu chenyewe.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi walipotupigia simu. Weka kidole cha mkono wa kushoto kwenye mwisho wa kushoto wa ule mstari wa hatua ya 3. Weka kidole cha mkono wa kulia kwenye mwisho wake wa kulia. Sukuma vidole vyote viwili vielekee katikati, chini ya paa, mpaka vikaribie kugusana. Ukingo wa karibu na ukingo wa mbali vitafuatana vyenyewe na kulala pamoja. Toa vidole, bonyeza iwe bapa.

Hakiki: umepata pembetatu yenye ukingo mmoja mrefu na ncha kuu moja, ambayo ndiyo kile kitovu. Kila upande, kushoto na kulia, una kipande cha juu na kipande cha chini, kama kurasa mbili. Kama upande mmoja una kimoja na mwingine una vitatu, pindua kimoja kirudi upande wake.

Hatua ya 5. Zungusha pembetatu ili ukingo mrefu uwe wa mbali na ncha kuu ielekee tumbo lako. Shika kipande cha juu cha upande wa kulia, kile cha juu peke yake. Kona yake ya mbali ishushe mpaka iguse ncha kuu. Fanya vivyo hivyo kwa kipande cha juu cha kushoto. Hakiki: juu ya pembetatu kubwa kumelala mraba mdogo uliosimama kwa kona, na nchani kuna ncha mbili huru zinazoweza kuinuliwa kwa kidole. Hizo ni mabawa ya nyuma.

Hatua ya 6. Geuza kazi yote, huku ukingo mrefu ukibaki wa mbali na ncha kuu ikibaki ya karibu. Sasa unaona pembetatu tupu. Inua ncha kuu, na hiyo peke yake. Zile ncha mbili huru za mgongoni ziache zilivyo, zikielekea tumbo lako. Peleka ncha kuu mbele mpaka ivuke ukingo mrefu kwa upana wa kucha ya kidole gumba.

Karatasi itakataa kidogo. Pembeni itajipinda na kunyanyuka. Usiilazimishe iwe bapa. Bonyeza katikati tu, kwenye upana wa vidole viwili. Hakiki: ncha kuu inachungulia ng'ambo ya ukingo mrefu, na ncha mbili huru zinachungulia upande wako.

Hatua ya 7. Ile ncha iliyovuka ukingo mrefu ikunjie mgongoni, kama mtu anayekunja kola ya shati. Pitisha kucha kwa nguvu. Hiki ni kichwa cha kipepeo, na pia ndicho kufuli lake.

Hatua ya 8. Geuza kazi ili kichwa kikutazame. Kunja kipepeo katikati, bawa la kushoto lilale juu ya bawa la kulia. Pitisha kucha kwenye mgongo wake, kisha fungua mabawa kidogo na ubane mwili kwa chini. Mwachie. Atakaa na mabawa yaliyonyanyuka, kama aliyetua kwenye ua na hajaamua kama abaki.

Panapokwama, na dawa yake

Kipepeo hana mabawa ya nyuma. Katika hatua ya 6 umeinua ncha huru pamoja na ncha kuu. Rudisha, toa zile mbili nje, inua tena ncha kuu peke yake.

Kichwa kinafunguka. Ncha kuu haikuvuka ukingo wa kutosha. Fungua, ivutishe mbele kidogo, kunja upya.

Karatasi imechanika katikati ya ukingo mrefu. Umebonyeza pembeni mpaka zikawa bapa, au ncha umeivusha mno. Mchaniko mdogo hufunikwa na kichwa. Mkubwa, anza na karatasi nyingine.

Pembetatu ya hatua ya 4 haitokei kabisa. Karibu kila mara ni kwa sababu hukugeuza karatasi kabla ya hatua ya 3, kwa hiyo mistari yote imekuwa mabonde. Huna haja ya karatasi mpya. Geuza, kunja ule mstari wa kati tena kwa upande wa pili, kisha endelea.

Somo la hesabu lililomo ndani yake

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituuliza kama hili ni zaidi ya mchezo. Jibu letu ni ndiyo. Mwaka 1893 huko Madras, India, T. Sundara Row alichapisha kitabu kizima kinachoeleza jiometri kwa kukunja karatasi. Na Friedrich Fröbel wa Ujerumani, aliyeanzisha shule za chekechea katika karne ya 19, aliweka kukunja karatasi miongoni mwa kazi za watoto wake.

Chukua mraba wa sentimita 20. Eneo lake ni 20 mara 20, yaani sentimita za mraba 400. Ukifika hatua ya 4 una pembetatu yenye kitako cha sentimita 20 na kimo cha sentimita 10. Nusu ya 20 mara 10 ni 100. Karatasi haikupungua, sasa ile 300 imekwenda wapi? Waache watoto wahesabu matabaka kwa vidole. Watakuta manne, na 100 mara 4 ni 400. Mtoto aliyehesabu matabaka hayo mwenyewe hatasahau kwamba pembetatu ile ni robo ya mraba.

Mfungue tena mpaka hatua ya 3, kabla ya kusukuma. Kwenye kitovu kuna pembe sita. Mbili ni za nyuzi 90, nne ni za nyuzi 45. Jumla yake ni 360, bila protrakta. Darasa lenye watoto wengi na vifaa vichache linaweza kufanya somo hili lote kwa karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja.

Tulivyoyapima maelezo haya

Kabla ya kuyaweka hapa tuliyajaribu studio. Mmoja wetu alisoma akiwa ametupa mgongo, fundi mitambo wetu akakunja, na ilikuwa marufuku kugeuka. Mara ya kwanza alikwama hatua ya 6, kwa sababu tuliandika "inua ncha" bila kusema ni ipi kati ya tatu. Tukaandika upya. Mara ya pili alifika mwisho, ingawa kichwa cha kipepeo wake kilikuwa kimepinda.

Nawe fanya hivyo nyumbani. Anayesoma asiguse karatasi, na asiseme "hivi" wala "hapa", kwa kuwa maneno hayo ni ya anayeonekana. Asome hatua moja, angoje mpaka mkunjaji aseme tayari, ndipo aende nyingine. Mkunjaji akikwama, soma hakiki ya hatua iliyotangulia kabla ya kulaumu mikono yake.

Jumamosi ijayo tutarudia kipindi kile taratibu, hatua moja kwa kila wimbo, ili kila mtu apate muda wa kukunja na kusahihisha. Bibi tuliyekuacha njiani, pamoja na wajukuu zako, tunakuamkia shikamoo na tunakuomba radhi. Andaeni karatasi zile mbili zilizobaki. Safari hii hatutawatangulia.